Mchezo usiolala: mazimwi wa mezani na wa kwenye kompyuta

Tangu tarehe 1 Januari 2022 orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ina ugonjwa ambao wauguzi wa umri wangu hatukufundishwa darasani. Ni ugonjwa wa kushindwa kuacha michezo ya kompyuta. Umeandikwa jirani na uraibu wa kamari, na waliouweka hapo hawakufanya utani.

Wazazi wengi wakisikia habari hii husema, kumbe michezo yote ni sumu. Wengine husema, mchezo ni mchezo tu, mtoto akikua ataacha mwenyewe. Majibu yote mawili yanaweza kumdhuru kijana. Leo tuangalie aina moja ya michezo, ile ya kuvaa uhusika katika nchi za kufikirika zenye mazimwi, majoka na wachawi. Nimeichagua kwa sababu ina sura mbili, ya mezani na ya mtandaoni. Hadithi zake zinafanana sana, lakini athari zake kwa afya hazilingani, na ukizilinganisha utaona ugonjwa unapitia mlango gani. Wenye watoto na wajukuu walioko Ulaya na Marekani wataikuta michezo hii humo majumbani mwao. Sisi tulio huku tuna simu za mkononi, nazo zinabeba michezo mingi iliyotengenezwa kwa ufundi ule ule.

Mchezo wa mezani ni upi?

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Hauchezwi kwa kete kama bao au drafti, wala kwa karata. Mezani pana karatasi, penseli na dadu, na kuizunguka meza wameketi watu wanne, watano au sita. Mmoja wao ni msimulizi. Wengine kila mmoja amebuni mhusika wake na kumwandika kwenye karatasi: jina lake, nguvu zake, udhaifu wake. Huyu ni askari, yule ni mwizi mwenye vidole vyepesi, mwingine ni mganga. (Wauguzi wenzangu watafurahi kusikia kwamba kundi lisilo na mganga haliendi mbali.)

Msimulizi huanza: mmefika kwenye mdomo wa pango, ndani mnasikia joka likikoroma, mnafanya nini? Mmoja anasema, naingia kwa kunyata. Anatupa dadu yenye pande 20. Ikija 18, amepita salama. Ikija 2, amekanyaga mfupa na joka limefumbua jicho. Wote wanapiga kelele, wanabishana, wanacheka, na hadithi inaendelea. Mshindi hakuna. Baada ya saa tatu au nne watu wamechoka, kuna anayewahi basi, kuna mama mwenye nyumba anayetaka kufunga mlango. Wanaagana mpaka wiki ijayo.

Waliolelewa na bibi wanaufahamu mchezo huu ingawa hawajauona. Bibi alisimulia habari za zimwi, nasi tulimkatiza, tukauliza, tukaitikia, naye akiona mmoja anaogopa kupita kiasi alimgeuza zimwi kuwa mjinga ili tucheke. Bibi akisinzia, hadithi imekwisha, hata kama zimwi bado yuko mlangoni. Msomaji ukumbuke jambo hili la bibi kusinzia, maana tutalirudia.

Hofu ya miaka ya 1980

Mchezo wa mezani ndio uliotangulia kuogopwa. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja mwenye umri wa miaka 16 alitoweka katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani. Magazeti yakaandika kwamba amepotelea katika mahandaki ya mabomba ya mvuke chini ya chuo, akicheza Dungeons & Dragons. Alipatikana akiwa hai, lakini mwaka uliofuata alijiua. Mwaka 1982 mama mmoja wa Virginia, Patricia Pulling, alifiwa na mwanawe kwa namna hiyo hiyo, na kwa uchungu wake akaanzisha chama cha kuupinga mchezo huo. Mwaka 1985 kipindi mashuhuri cha televisheni cha 60 Minutes kiliijadili hofu hiyo, na wahubiri wengi wa huko waliitangaza makanisani kwamba mchezo ni mlango wa shetani.

Wataalamu walipochunguza hawakuona kwamba mchezo ndio uliosababisha vifo hivyo. Yule kijana wa Michigan alikuwa na huzuni nzito ya muda mrefu, na kutoweka kwake hakukutokana na mchezo. Simlaumu mama aliyefiwa. Mzazi wa namna hiyo hutafuta chanzo popote. Lakini katika hospitali tunaona kosa hili hili mara nyingi: watu wazima wanatazama picha ya zimwi kwenye jalada la kitabu, na hawamtazami mtoto aliyekishika, kwamba amekonda, halali, haongei.

Leo mchezo ule umegeuka kuwa chombo cha tiba katika baadhi ya nchi. Katika jimbo la Washington, Marekani, shirika liitwalo Game to Grow, lililoanzishwa mwaka 2017, linautumia kuwasaidia vijana wenye usonji na wenye haya kupita kiasi. Kijana asiyeweza kusema "nisaidie" kwa kinywa chake anajifunza kuyasema maneno hayo kwa kinywa cha mhusika wake. Wauguzi hatushangai. Katika vyuo vyetu igizo dhima ni somo la kila siku: mwanafunzi mmoja anakuwa mgonjwa, mwingine muuguzi, na kosa linalofanyika pale halimuui mtu.

Mchezo ulipoingia mtandaoni

Mwaka 1978 mwanafunzi Roy Trubshaw wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kuandika programu ambayo iliwawezesha watu kadhaa, kila mmoja kwenye mashine yake, kutembea katika nchi moja ya kufikirika. Mwenzake Richard Bartle aliiendeleza. Haikuwa na picha, ilikuwa maandishi tu. Kutoka hapo zilizaliwa Ultima Online ya mwaka 1997, EverQuest ya mwaka 1999, ambayo wachezaji wenyewe waliipa jina la utani linalotokana na kokeini ya kuvuta, na World of Warcraft ya mwaka 2004. Hii ya mwisho ilifikia watu milioni 12 waliolipia mwaka 2010. Wa Marekani walilipa dola 15 hivi kila mwezi.

Kwa mtazamaji, mambo ni yale yale: askari, mwizi, mganga, joka. Tofauti iko katika mambo ambayo hayaonekani kwenye kioo.

Kwanza, msimulizi hayupo. Nafasi yake imeshikwa na programu. Msimulizi wa mezani anamwona mchezaji aliyenyamaza leo, anamwona aliyelia, anapunguza makali ya hadithi. Programu haiwezi kujua kwamba mchezaji hajala tangu jana.

Pili, zawadi. Katika michezo hii ya mtandaoni ukiliua zimwi unaweza kupata upanga wa ajabu, lakini mara chache sana, na hujui ni lini. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwaonyesha watu zamani kwamba njiwa anayepewa punje kila akidonoa huacha kudonoa upesi punje zikikatika, bali anayepewa kwa kubahatisha huendelea kudonoa muda mrefu bila kupata kitu. Mashine za kamari zimejengwa juu ya msingi huo, na ndiyo maana ugonjwa huu umeandikwa jirani na kamari. Ni kweli kwamba dadu ya mezani nayo ni bahati. Lakini baada ya dadu kuna zamu ya mwenzako, kuna kicheko, kuna chai. Mtu hakai peke yake saa 9 usiku akitupa dadu mara 300.

Tatu, na hili wazazi wengi hawalijui, ni wenzake wanaomsubiri. Katika World of Warcraft ya mwanzo kulikuwa na vita vilivyohitaji watu 40 kwa pamoja, wakikutana saa waliyopanga na kukaa humo kwa saa nyingi. Mganga wa kundi akiitwa na mama yake kula, wenzake wote wanaweza kuuawa na kazi ya jioni nzima ikapotea. Mzazi anamwona mtoto mkaidi asiyeitika. Mtoto anajiona kama dereva aliyeambiwa ashuke basi likiwa katikati ya mteremko. Mtafiti Nick Yee, aliyewahoji maelfu ya wachezaji wa michezo ya namna hii katika miaka ya 2000, alikuta wastani wao ni saa 22 hivi kwa wiki. Ni nusu ya kazi ya ajira.

Nne, nchi ile hailali. Mezani watu wakiondoka hadithi inasimama na kuwangoja. Mtandaoni inaendelea usiku kucha bila wewe, wenzako wanapanda vyeo, na ukiamka umebaki nyuma. Bibi hasinzii.

Korea Kusini ilionja mapema uchungu wa jambo hili, kwa kuwa intaneti ya kasi ilienea huko kabla ya nchi nyingine nyingi, pamoja na vyumba vya kukodi kompyuta vinavyofunguliwa usiku na mchana. Mwaka 2010 polisi waliwakamata mume na mke ambao mtoto wao wa miezi mitatu alikuwa amekufa kwa njaa mwaka uliotangulia. Walimwacha nyumbani na kwenda kucheza Prius Online, na katika mchezo huo walikuwa wakimlea binti wa kubuni. Sitaki kuyaeleza zaidi. Mwaka 2011 serikali ilianza kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Watoto wakatumia vitambulisho vya wakubwa wao, na mwanzoni mwa mwaka 2022 sheria hiyo ilifutwa. China ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021, ikawaruhusu watoto saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Je, watu wale ni wa uongo?

Wazazi hupenda kusema, "Huko hakuna watu, ni katuni." Septemba 2005 kulitokea tauni ndani ya World of Warcraft. Waandishi wa programu walimpa zimwi mmoja laana ya damu inayoambukiza, nao walikusudia ibaki katika pango lake tu. Lakini wanyama wanaofugwa na wachezaji waliibeba wakatoka nayo hadi mijini. Wachezaji wachanga walikufa papo hapo, mitaa ikajaa mifupa. Baadhi ya waganga walikimbilia mijini kuwahudumia wasiowajua. Wengine walikimbilia porini kujificha. Wengine walifika kwa makusudi kuwaambukiza wenzao. Watafiti Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika juu ya tukio hilo mwaka 2007 katika jarida la kitabibu la magonjwa ya kuambukiza, wakisema linaweza kutufundisha jinsi wanadamu wanavyotenda wakati wa mlipuko. Sisi tuliowahi kuhudumia kambi ya kipindupindu tunawajua watu wa aina zote tatu. Hao hawakuwa katuni.

Na kuna habari ya Mats Steen wa Norway. Alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne, ambao hudhoofisha misuli ya mtoto wa kiume kidogo kidogo, kwanza miguu, halafu mikono, mwisho moyo na kifua. Hauna tiba ya kuuponya. Mats alikaa kwenye kiti cha magurudumu, na miaka yake ya mwisho alicheza World of Warcraft muda mwingi wa siku. Wazazi wake walisikitika kwamba mtoto wao anaondoka duniani bila kupata rafiki wala mchumba, wala kumfaa mtu yeyote. Alifariki Novemba 2014 akiwa na umri wa miaka 25. Baba yake akaandika tangazo la kifo kwenye ukurasa wa Mats wa mtandaoni, akidhani labda kuna mmoja atakayesoma. Barua zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali. Watu walisafiri kuja kumzika. Kumbe katika chama chake cha mchezo, kilichoitwa Starlight, mhusika wake Ibelin alikuwa msikilizaji wa wengi. Alikuwa amemshauri mama mmoja aingie mchezoni pamoja na mwanawe mwenye usonji, na mama huyo na mtoto wakapata njia ya kuzungumza. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya habari hizi.

Angalia lakini chama chenyewe kilikuwa cha namna gani. Starlight kilikuwa cha wale wanaopenda kuvaa uhusika kwa maneno: waliketi mahali, wakaandikiana maongezi ya wahusika wao, wakajuana kwa miaka. Yaani walikuwa wameibeba ile meza wakaiweka ndani ya kompyuta. Mwaka 2020, wakati wa korona, vikundi vingi vya mezani navyo vilihamia kwenye simu za video, na havikubadilika kuwa ugonjwa, kwa sababu saa ya kuagana ilibaki pale pale. Kwa hiyo, mzazi, usiulize tu kama anachezea mezani au kwenye mashine. Uliza anacheza na nani, wanaagana saa ngapi, na mchezo umekula nafasi ya kitu gani. Kwa Mats ulichukua nafasi iliyokuwa imeachwa wazi na miguu yake. Kwa kijana mzima wa kidato cha tatu unaweza kuchukua nafasi ya usingizi, masomo na mpira.

Dalili

Shirika la Afya Duniani linataja mambo matatu. Mtu anashindwa kujizuia: anaanza bila kutaka, anaongeza muda, hawezi kukatiza. Mchezo unatangulizwa mbele ya kula, kuoga, kazi na watu. Na anaendelea, au anazidisha, ingawa madhara anayaona. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12, ingawa ikiwa kali sana hatungoji mwaka uishe. Saa nyingi peke yake si ugonjwa. Likizo ya wiki mbili ya kucheza kutwa haimfanyi kijana kuwa mgonjwa, na wanaougua hasa ni sehemu ndogo ya wachezaji wote.

Mwili nao husema: macho makavu, maumivu ya kifundo cha mkono na shingo, kuvimba miguu. Aliyeketi saa nyingi bila kuinuka akipata maumivu na uvimbe wa mguu mmoja, au kubanwa na pumzi ghafla, aletwe hospitali siku hiyo hiyo, maana damu inaweza kuwa imeganda mshipani.

Mzazi afanye nini?

Usivunje kompyuta wala kutupa simu. Nimeona kijana aliyenyang'anywa simu usiku akakimbia nyumbani, na waliompata walimpata kwa bahati. Keti kando yake jioni moja, umwombe akuonyeshe mhusika wake. Utajifunza mengi kwa nusu saa: kama anacheka na wenzake au anadonoa peke yake kama yule njiwa, na vita vyao huisha saa ngapi. Hapo ndipo mnaweza kupatana kwamba aanze mapema, ale kabla ya kuanza, na vifaa vilale sebuleni. Mtoto akubali muda kabla hajaanza. Katikati ya vita hakuna mapatano.

Kama kuna ndugu au marafiki wanne na dadu, hata mchezo wa mezani unaweza kujaribiwa. Gharama yake ni karatasi.

Kabla ya kuuliza habari za saa, muulize habari za huzuni. Anayecheza ili asifikiri kitu fulani hatapona kwa kuondolewa mchezo, na wakati mwingine mchezo ndio kamba pekee aliyoshika. Akisema maneno ya kutaka kufa, asiachwe peke yake, aletwe mara moja.

Tiba ni ya mazungumzo ya wiki nyingi, pamoja na matibabu ya sonona kama ipo. Mkija kumwona muuguzi wa afya ya akili, njooni na daftari: saa alizolala kila usiku kwa wiki mbili, siku alizokosa shule au kazi, mara alizokula pamoja na wengine, na jina la mchezo anaocheza. Naye kijana aingie kwanza peke yake, ninyi mngoje nje kwenye benchi.